Anga lote lile, helikopta mbili za watalii zinagonganaje mchana kweupe?

#1 Binti Mwenda
Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana ndoto moja tangu tukiwa wadogo: apande helikopta aone maporomoko makubwa ya maji kwa juu. Mwaka huu ndugu wanne tumechanga, tumemwambia ajiandae. Sasa juzi nimekutana tena na ile video ya Australia, pale Gold Coast, ya tarehe 2 Januari 2023. Jua linawaka, wingu hakuna, maji unayaona mpaka chini. Helikopta mbili za kampuni moja, aina moja ya EC130, moja inapaa na nyingine inarudi kutua. Zikagongana. Watu 4 wakafariki.

Ninachoshindwa kuelewa ni hiki. Hapakuwa na ukungu wala dhoruba, na haikuwa usiku. Marubani wenyewe wanazunguka njia hiyohiyo mara nyingi kwa siku. Sasa inakuwaje wasionane? Naomba wenye uelewa mnieleweshe. Sitafuti kufarijiwa, nataka kujua tatizo liko wapi kabla sijamkabidhi mama yangu kwa mtu.

#2 Chongo
Simu. Kuna mtu alikuwa anaongea na simu wakati wa kazi. Hiyo ripoti niliisoma kabisa.

#3 Mzee wa Ramani
Chongo, umechanganya ajali mbili. Ya simu ni ya New York, tarehe 8 Agosti 2009, juu ya mto Hudson. Na mwenye simu hakuwa rubani. Alikuwa mwongoza ndege wa uwanja wa Teterboro, alikuwa kwenye maongezi yasiyohusu kazi huku ndege ndogo aina ya Piper aliyoiruhusu ikielekea mtoni. Piper ile iligongana na helikopta ya watalii kwenye kimo cha futi 1,100 hivi. Walikufa watu 9: watatu wa kwenye ndege na sita wa kwenye helikopta, watano kati yao watalii kutoka Italia. Kwa hiyo hata helikopta mbili hazikuwa. Gold Coast habari ya simu haipo.

#4 Chongo
Nimekubali, Mzee. Asante kwa kunisahihisha.

#5 Jicho la Tatu
Chongo safari hii umeona nusu, ila nusu yenyewe ni ya kweli 😄

Kwa upande wangu jibu ni rahisi. Ndege kubwa zina mtambo wa TCAS, unamwambia rubani "panda" au "shuka" kabla hajagongana na mwenzake. Wafunge na kwenye helikopta, mada iishe.

#6 Kapteni Kimya
Binti Mwenda, nimerusha helikopta za watalii miaka 11, niseme ninachokijua. Watu wengi wanadhani mchana kweupe unatosha. Hautoshi, na sababu iko kwenye jicho lenyewe.

Kitu kilicho kwenye njia ya kukugonga hakihami machoni pako. Helikopta unayoiona inatoka kushoto mwa kioo inakwenda kulia, hiyo itakupita. Ile itakayokugonga inabaki palepale kama doa la mdudu. Inakuwa ndogo kwa muda mrefu, halafu sekunde za mwisho inafura ghafla. Na jicho letu hushtuliwa na kinachosogea. Kilichotulia linakiruka.

Halafu kuna hesabu. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilichapisha mgawanyo wa muda ambao marubani tunafundishwa. Kuona kitu: sekunde 0.1. Kutambua ni ndege: 1. Kung'amua kwamba mtagongana: 5. Kuamua ukwepee wapi: 4. Mkono kusogea: 0.4. Chombo chenyewe kuitikia: 2. Jumla sekunde 12.5. Helikopta mbili zikikabiliana, kila moja kwenye kilomita 200 kwa saa, katika muda huo zimekula karibu kilomita moja na nusu. Sasa helikopta iliyo kilomita moja na nusu mbele yako, ikikutazama uso kwa uso, ni nukta ya kalamu kwenye kioo. Lazima uwe umeiona ikiwa nukta.

#7 Nahodha Mdogo
Kapteni, hesabu yako ni sahihi ila kwa Gold Coast haikai sawasawa. Pale hazikuwa zinakabiliana kwa kasi hiyo. Moja ndiyo kwanza imetoka ardhini na ziligongana kwenye kimo cha futi 130 hivi. Kilichoonekana ni kwamba panga za ile inayopaa ziliingia sehemu ya mbele ya ile inayorudi. Ile inayopaa ikavunjika hewani na kuanguka, na wote 4 waliokufa walikuwa ndani yake, rubani mmojawapo. Ile nyingine rubani akaishusha kwenye fungu la mchanga, kioo kimepasuka, na watu wake wote sita wakapona, ingawa kuna walioumia. Ule utulivu wa mikono kwa kweli mimi naustahi sana.

#8 Kapteni Kimya
Nimekuelewa, na uko sahihi kuhusu kasi. Ila la jicho linabaki. Anayepaa anatazama mbele na juu kidogo, anayetua anatazama pedi, yaani pale helikopta inapotua. Mmoja yuko chini ya mwenzake, katikati kuna sakafu, dashibodi na nguzo za kioo. EC130 rubani anakaa kushoto, wakati helikopta nyingi za watalii rubani anakaa kulia. Ukihama kutoka aina moja kwenda nyingine, sehemu usizoziona nazo zimehama.

#9 Mama Ubani
Sheria za kupishana si zipo? Barabarani kuna kulia na kushoto. Huko juu hakuna?

#10 Kapteni Kimya
Zipo dada, na ni zilezile dunia nzima. Mkikabiliana, kila mmoja anakwenda kulia kwake. Mkikatana njia, mwenye mwenzake upande wa kulia ndiye anayempisha. Anayetua anapewa nafasi. Zote zinaanza kufanya kazi ukishamwona mwenzako.

#11 Fundi Waya
Mmefika namba 10 hakuna aliyetaja antena! Uchunguzi wa ajali ya Gold Coast uligundua kwamba antena ya redio ya ile helikopta iliyokuwa inapaa inaelekea ilikuwa na hitilafu, kwa hiyo ile taarifa ya "nasogea kuondoka" huenda haikutoka kabisa. Yule anayerudi hakuisikia. Alikuwa ameona abiria wanapakizwa pale pedini, lakini kwa hesabu zake helikopta hiyo ingepita nyuma yake, na kwa kuwa hakusikia mtu akisema anaondoka, kwake hali ilikuwa haijabadilika.

Mimi nimetengeneza redio za ndege miaka mingi, na hitilafu hii ndiyo inayoniogopesha kuliko zote, kwa sababu haijitangazi. Redio ikifa kabisa rubani anajua. Lakini ikipokea vizuri na kutuma vibaya, unabonyeza, unaongea, unajisikia mwenyewe kwenye hedifoni, unaamini umesikika. Sauti unayoisikia inazunguka humohumo ndani ya mashine. Niliwahi kuletewa moja, rubani analalamika kwamba "wenzangu wamekuwa na kiburi, hawanijibu". Alikuwa ameruka wiki nzima hivyo. Nikafungua, kumbe waya wa antena umekatika ndani ya kiungio, kwa nje unaonekana mzima. Siku ile nilikaa chini kwenye kiti changu nikatulia kwanza.

#12 Binti Mwenda
Fundi Waya, maelezo yako yamenigusa. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kila kitu anachotakiwa kusema, na bado ikawa kama hajasema?

#13 Fundi Waya
Ndiyo hivyo. Na wenzake hawana namna ya kujua kwamba kuna kitu walitakiwa kukisikia.

#14 Sikio la Mnara
Nimefanya kazi ya kuongoza ndege, naomba niongezee kwa Fundi. Maeneo mengi ya watalii hayana mnara unaotoa amri. Kuna masafa moja ya redio ya pamoja, kila rubani anajitangaza: niko hapa, kimo hiki, naelekea kule. Hakuna anayelazimika kujibu. Mtu akijitangaza na pakawa kimya, kimya hicho kinaweza kuwa "tumekusikia", kinaweza kuwa "hakuna mtu", kinaweza kuwa "redio yako imekufa". Na wawili wakibonyeza kwa pamoja kunatoka mluzi, wote wawili wamepotea.

Kuhusu Hudson, Mzee wa Ramani hukumaliza. Yule rubani wa Piper alipewa masafa ya mnara wa Newark, uwanja mwingine wa ndege, akayarudia redioni kwa kukosea namba, na kosa halikusahihishwa. Akawa hayupo kwa huyu wala kwa yule. Sisi tulifundishwa kwamba kusikiliza marudio ni kazi nzima kama ilivyo kutoa amri yenyewe. Nikikumbuka ajali ile bado roho inaniuma, maana ni sekunde chache tu za masikio.

#15 Mzee wa Ramani
Nakiri sikumaliza. Nimalizie basi na kilichofuata, kwa sababu ni sehemu ya jibu. Kabla ya ajali, kule Hudson kujitangaza kwenye redio kulikuwa kwa hiari. Kuanzia Novemba 2009 yakawa masharti: redio ya pamoja ni lazima, taa ziwashwe, kasi isizidi noti 140 (kama kilomita 260 kwa saa), kila mtu abane ukingo wa kulia kwake, ramani ya eneo iwe mkononi, na mtu ajitangaze kwenye alama zinazojulikana kama daraja la George Washington na Sanamu ya Uhuru. Na vimo wakavigawa. Helikopta za watalii na wengine wanaozungukazunguka wabaki chini ya futi 1,000, wanaopita tu wakae kati ya 1,000 na 1,300.

#16 Nahodha Mdogo
Hilo la kugawa vimo ndilo jibu langu. Ghorofa. Wa juu juu, wa chini chini.

#17 Kapteni Kimya
Ghorofa zinasaidia sana, sikatai. Ila kila helikopta lazima ipande na ishuke, na Gold Coast walikuwa futi 130. Kwenye futi 130 ghorofa utaigawa wapi?

#18 Jicho la Tatu
Naona swali langu la TCAS mmelipita kimyakimya.

#19 Kapteni Kimya
Samahani mkuu, sikulikwepa. Zile amri za "panda, shuka" za ndege kubwa zinazimwa ndege ikiwa chini ya futi kama 1,000 kutoka ardhini, ili mtambo usimwamuru mtu ashuke kwenye ardhi. Helikopta ya watalii inaishi humohumo chini. Mitambo midogo tunayofunga sisi inaonyesha tu kwamba kuna mwingine karibu, haikuambii ufanye nini. Na kwenye pedi yenye helikopta nne zilizowashwa injini, inalia mfululizo. Ikilia mara arobaini kwa siku bila hatari, ya arobaini na moja utaisikiaje?

#20 Jicho la Tatu
Lakini kuna utafiti kwamba rubani aliyeambiwa "tazama mbele, upande wa kulia" anaona vizuri zaidi kuliko anayetafuta tu. Au nimedanganywa?

#21 Sikio la Mnara
Hujadanganywa. Waaustralia wenyewe walitoa ripoti mwaka 1991 kuhusu udhaifu wa kutegemea macho, na hesabu hiyo imo: sekunde moja ya kutazama ukiwa umeshaambiwa upande inalingana na sekunde nane za kutafuta bila kuambiwa. Ndiyo maana mimi siko upande wa wanaodharau vyombo. Mtambo hata ukilia ovyo, umeshakuelekeza shingo.

#22 Mzee wa Ramani
Niongezee mfano wa Jicho la Tatu. Ketchikan, Alaska, tarehe 13 Mei 2019. Ndege mbili zilizobeba watalii wa meli ziligongana kwenye futi 3,350 hivi. Watu 6 walifariki, 10 waliumia. Ndege zote mbili zilikuwa na vyombo vya kuonyesha wenzao, lakini moja haikuwa inatuma kimo chake, na tahadhari haikulia kwa yeyote. Rubani mmoja, mwenzake alifichwa na nguzo ya dirisha kwa sekunde 11 kabla ya kugongana. Rudi kwenye zile 12.5 za Kapteni uone kilichobaki.

#23 Mama Ubani
Mzee, zile za Alaska si helikopta, ni ndege za kutua majini.

#24 Mzee wa Ramani
Ni kweli dada, za majini. Nimezileta kwa sababu ya jambo lililo nyuma yake, na hilo ndilo ninaloliamini mimi kuliko antena na macho.

Moja ya ndege zile ilikuwa inajiweka sawa ili abiria waone maporomoko. Turudi nyuma hadi Grand Canyon, lile korongo kubwa la Marekani, tarehe 18 Juni 1986. Ndege ya watalii aina ya Twin Otter na helikopta ya watalii ya Bell 206. Watu 25, hakupona hata mmoja. Wachunguzi waliona kwamba njia za helikopta zilikuwa zimebadilishwa mpaka zikakatana na njia ya zile ndege, karibu na Crystal Rapids, sehemu ya mto yenye maji ya kasi. Mwaka uliofuata ndipo Marekani ikatunga sheria ya safari za anga juu ya hifadhi, helikopta na ndege zikapewa njia na vimo tofauti.

Ndege ya kawaida inatoka A kwenda B, na angani kuna nafasi ya kutosha. Ndege ya mtalii haiendi popote. Inakwenda kutazama kitu, na kitu hicho ni kimoja, na upande wake mzuri ni mmoja, na saa yake ya mwanga mzuri ni moja. Binti Mwenda umesema "anga lote lile". Watalii hawatumii anga lote. Wanatumia chumba kimoja, na wote wamesimama dirishani.

#25 Binti Mwenda
Mzee wangu, hapo nimesoma mara tatu.

#26 Fundi Waya
Naheshimu, ila kule Gold Coast hawakugongana kwenye mandhari. Waligongana mlangoni kwao.

#27 Nahodha Mdogo
Na mlango wenyewe ulikuwa miwili, Fundi. Kampuni ilikuwa na sehemu mbili za kupakia karibukaribu, na moja ilikuwa imerudishwa kutumika. Anayetoka hapa na anayeingia pale njia zao zilikatana. Huo nao ni ramani, kwa hiyo Mzee hajakosea moja kwa moja.

#28 Tausi
Naingia kama abiria tu. Niliwahi kupanda, na sikumbuki mandhari nusu ya ninavyomkumbuka rubani. Alikuwa kijana mchangamfu, anasimulia historia, anageuka kutuangalia kama tumefurahi, anainamisha helikopta kulia ili wa kulia wapige picha, kisha kushoto. Nilifurahi sana. Baada ya kusoma namba 6 najiuliza zile dakika zote nani alikuwa anatafuta nukta kwenye kioo.

#29 Kapteni Kimya
Tausi, umenikuta. Tulikuwa tunapimwa kwa simulizi, abiria wakishuka wanajaza karatasi. Nilijifunza kunyamaza kwenye kona mbili za mzunguko wetu, nikawaambia abiria mapema kwamba hapa nitakaa kimya, nanyi nisaidieni kutazama. Watoto walikuwa wananionyesha ndege ambazo sijaziona. Na kule Gold Coast ni abiria aliyemgusa rubani kumtahadharisha. Maelezo ya kurekodiwa ni bora kwa maoni yangu, yule kijana abaki na macho yake.

#30 Chongo
Mimi nasema tatizo ni haraka. Safari ya dakika chache, shusha, pakiza, paa. Hata kama simu haikuwepo.

#31 Mama Ubani
Chongo leo umepatia. Niulize kitu nje ya mada kidogo: wale walionusurika, mikanda iliwasaidia?

#32 Nahodha Mdogo
Hilo liko ndani ya mada, dada. Baadhi ya abiria mikanda yao haikuwa imefungwa inavyotakiwa, na jaketi okozi walizovaa kiunoni zilikuwa zinaingiliana nayo. Binti Mwenda, mkanda wa mama ukae chini kwenye nyonga, juu ya mwili wake, usipite juu ya lile jaketi. Mwambie asione aibu kumwita mhudumu aukaze upya.

#33 Binti Mwenda
Nimeandika. Asanteni sana. Mpaka hapa nina macho (Kapteni), redio (Fundi na Sikio), ramani (Mzee), vyombo (Jicho la Tatu), haraka (Chongo). Kila mmoja wenu akiongea naona ndiye mwenye jibu. Nikimpigia mwenye helikopta, nimuulize nini?

#34 Sikio la Mnara
Muulize: rubani akitangaza kwamba anaondoka, kuna mtu anayelazimika kumjibu?

#35 Mzee wa Ramani
Muulize kama wote wanazunguka upande mmoja, na kampuni jirani nayo inazunguka upande huohuo.

#36 Fundi Waya
Redio zinajaribiwa asubuhi kwa kujibiwa na mtu mwingine, au kwa kujisikia tu?

#37 Mtu wa Pedi
Nimechelewa kuuona uzi huu. Nimefanya kazi ya pedi miaka sita: kupakia abiria, kufunga mikanda, kufunga milango, kisha unasimama mbele ya helikopta na kumnyanyulia rubani kidole gumba. Hata kule Gold Coast mtu wa pedi aliashiria kwamba pako wazi, helikopta ikaondoka baadaye kidogo.

Nataka niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nisome habari ile. Kile kidole gumba, kwetu hakuna aliyewahi kutuambia kina maana gani hasa. Mimi nilikuwa namaanisha milango imefungwa, mikanda imefungwa, hakuna mtu karibu na pangaboi la mkiani. Siku moja rubani mmoja tukiwa tunakula aliniambia, "Nikiona kidole chako najua anga liko wazi." Nikaacha kula. Nikamwambia anga sijawahi kulitazama, naangalia mkia, maana mkia ndio unaoua watu pedini.

#38 Kapteni Kimya
Mtu wa Pedi, mimi nilikuwa kama huyo rubani. Miaka yote 11.

#39 Jicho la Tatu
Baada ya hapo mlibadilisha nini?

#40 Mtu wa Pedi
Tuliweka ishara mbili. Kidole gumba ni helikopta iko tayari. Halafu ninageuka mwili mzima, nampa mgongo, natazama upande wa wanaorudi, ninahesabu mpaka tano, ndipo ninageuka na kunyoosha mkono wote juu. Meneja alilalamika kwamba tunachelewesha. Kwa mizunguko ya siku nzima zilikuwa ni dakika kadhaa.

#41 Binti Mwenda
Mkaendelea nayo?

#42 Mtu wa Pedi
Nilipoondoka walikuwa bado wanaifanya. Kwa sasa sijui. Mkifika na mama, kabla hamjapanda, simameni pembeni mtazame helikopta mbili tatu zikiondoka. Mwangalieni mtu wa pedi anaangalia wapi.